Msimbo unaoutegemea, uweke kwako

Fungua mradi wowote wa PHP au JavaScript, kisha usome faili la .gitignore. Hutapita mistari mingi kabla ya kukutana na vendor/ au node_modules/. Maana yake ni kwamba Laravel, React na maktaba zote zinazoubeba mradi huo hazimo kwenye Git. Kilichomo ni orodha ya majina na matoleo. Zenyewe zitapakuliwa siku zikihitajika. Hata mwongozo wa Composer unashauri hivyo, na anayeuliza sababu huonekana mshamba.

Kwa programu ambayo mtu analipwa kuitunza, ushauri huo ni mbovu.

Machi 2016 Azer Koçulu aligombana na kampuni ya Kik juu ya jina la kifurushi chake. Ghala la vifurushi la npm lilipoipa kampuni ushindi, akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad: mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Babel ilikitegemea, na wengi walioitegemea Babel hawakuwa hata na habari kwamba kipo. Miradi ikagoma kujengeka duniani kote hadi npm ilipokirudisha. Watetezi hujibu kwamba kanuni zilibadilishwa, siku hizi mtu haondoi kifurushi kirahisi. Sawa. Lakini Februari 2021 JFrog ilitangaza kuifunga JCenter, ghala ambalo miradi ya Android ilikuwa ikilitegemea kwa miaka. Baadaye kampuni ililegeza msimamo, ikaacha vilivyomo viendelee kusomwa. Ilifanya hivyo kwa hiari yake. Wasanidi waliokuwa wakipakua bure hawakuwa na cha kuidai.

Na kwetu kuna jingine. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, aliye na msimbo wote ofisini anaweza kurekebisha hitilafu ya mteja na kuijenga programu upya. Aliye na orodha ya majina anasubiri meli ya kuunga nyaya.

Atasimama mtu aseme: tuna package-lock.json, na ndani yake mna hashi ya kila kifurushi. Hapa ndipo watu wenye akili zao hujidanganya. Hashi inathibitisha kwamba ulichopokea ndicho ulichokiagiza. Haikuahidi kwamba utapokea chochote. Ni muhuri wa bahasha, na muhuri haujawahi kurudisha barua iliyopotea. Wanaojiona wajanja zaidi hutumia git submodule, nayo ni kielekezi tu: hifadhi ya asili ikifutwa, kinaelekeza hewani. Afadhali git subtree, ambayo huingiza msimbo wenyewe.

Nakubali kwamba katazo la kuhifadhi maktaba kwenye Git lilizaliwa na kidonda cha kweli. Enzi za CodeIgniter folda ya system ilikaa ndani ya mradi, na mtu akikwama aliifungua, akabadilisha mistari miwili humo humo, asimwambie yeyote. Muda ukipita hakuna aliyethubutu kupandisha toleo, kwa sababu hakuna aliyejua kipi ni cha fremuweki na kipi ni cha jamaa aliyekwisha acha kazi. (Nani kati yetu hajarithi mradi wa namna hiyo?) Lakini kosa lilikuwa kubadilisha bila kumbukumbu, hukumu ikaangukia kuhifadhi. Chromium huhifadhi baadhi ya maktaba za wengine kwenye folda ya third_party, zikiambatana na faili la README.chromium linalotaja zilikotoka, toleo, leseni na mabadiliko yaliyofanywa. Kubernetes nayo huweka vendor/ yake kwenye Git. Nidhamu yenyewe si ngumu: toleo jipya liingie peke yake katika komiti moja, bila kuguswa, marekebisho yenu yafuate katika komiti nyingine, au yakae kama viraka kwenye folda yake.

Faida yake huonekana siku ya kupandisha toleo, maana git diff inakuonyesha kila mstari uliobadilika. Kwa mtindo wa sasa unaona namba imepanda, unaidhinisha. Mwaka 2018 maktaba ya event-stream iliingiziwa kifurushi cha flatmap-stream kilicholenga pochi za bitcoin za Copay. Msimbo hatari ulikuwa kwenye faili lililopakiwa npm, na aliyekwenda kukagua GitHub hakuukuta. Ulifichwa kwa ufundi, kweli, lakini kwa anayehifadhi msimbo kwake, angalau kitu kigeni kingeonekana kikiingia mlangoni.

Kuhusu ukubwa wa node_modules, hifadhi vifurushi vikiwa bado vimebanwa, ingawa hapo git diff itakuonyesha kifurushi kilichobadilika tu, si mistari yake. Yarn inaweza hilo. Na wanaosema msimbo uliohifadhiwa huoza bila viraka vya usalama, wakumbuke kampuni ya Equifax. Kiraka cha Apache Struts, fremuweki iliyotumiwa na kampuni hiyo, kilitolewa Machi 2017, wavamizi wakaanza kuchota Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaibwa. Kampuni ilikuwa imeskani mifumo yake na haikuiona Struts yenye kasoro. Kusasisha ni kazi ya mtu popote msimbo ulipo, na ulio kwenye hifadhi yako, wenye jina na toleo, ni rahisi zaidi kuupata.

Wewe unayebisha, chukua mradi mmoja wa mteja wiki hii. Uvute upya kutoka Git kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuujenga, zima intaneti, kisha uujenge. Ukigoma, mweleze mteja kwamba ulichomkabidhi ni nusu ya programu, na nusu nyingine iko kwa watu msiowajua.