Karatasi moja iliyopotea, siku 10 za kusubiri

Mwaka 2014, kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilifuatilia kontena moja la baridi lililobeba maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Safari yote, kutoka shambani hadi kwa wauzaji, ilichukua takriban siku 34. Kati ya hizo, 10 ziliisha kwa kusubiri nyaraka zishughulikiwe. Hati moja muhimu ilipotea, kisha ikaja kuonekana kwenye rundo la karatasi. Watu na taasisi karibu 30 walihusika, na mawasiliano baina yao yalizidi 200.

Mfanyabiashara wa Busia au Namanga hatashangazwa na habari hiyo. Tofauti ni kwamba Maersk ilikuwa na fedha za kutafuta dawa. Kwa kushirikiana na IBM, mwaka 2018 ilizindua TradeLens, jukwaa la mtandaoni ambako mwenye meli, bandari, forodha na mwenye mzigo wangeweka nyaraka zao mahali pamoja, na kila mmoja kuona zile zinazomhusu. Faida yake kwa kampuni kubwa ilikuwa wazi: karani wa Mombasa na wa Rotterdam hawaandiki takwimu zilezile mara mbili, na hakuna ubishi kuhusu nakala ipi ndiyo ya mwisho.

Mwanzoni kampuni shindani zilisita. Kufikia katikati ya mwaka 2019, MSC, CMA CGM, Hapag-Lloyd na ONE zilikuwa zimetangaza kujiunga. Hata hivyo, Novemba 2022 Maersk na IBM zilitangaza kulifunga jukwaa hilo. Lenyewe lilijengwa na likafanya kazi. Kilichokosekana, kwa maelezo ya Maersk, ni ushirikiano wa sekta nzima. Na si ajabu: ni nani atakayefungua daftari lake la wateja kwa moyo mweupe, wakati anayelitunza ndiye anayegombea naye wateja haohao?

Katika ukanda huu jambo hilo lilianza vizuri zaidi. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, ushuru hulipwa katika nchi mzigo unakokwenda kabla haujatoka bandarini. Mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo, uliozinduliwa mwaka 2017, unaziunganisha Kenya, Uganda na Rwanda, na mamlaka za mapato za nchi hizo huliona lori lilelile barabarani. Mwenye mfumo hapa hauzi nguo wala mahindi, kwa hiyo hashindani na anayeleta nyaraka. Ni faida ambayo Maersk haikuwa nayo.

Lakini mwenye mzigo yuko wapi? Mara nyingi bado anampigia simu wakala, naye wakala anauliza kwenye kundi la WhatsApp. Makundi hayo yasidharauliwe. Yanafanya kazi kwa sababu dereva, wakala na mteja wote wamo, na hakuna aliyehitaji semina kujiunga. Udhaifu wake ni kwamba picha ya hati iliyopigwa kwa simu haina nguvu mbele ya ofisa wa forodha.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo. Wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani wana utaratibu rahisi wa cheti cha uasili wa bidhaa, lakini wengi hukodi lori kwa kuchanga. Cheti cha mmoja kikikosekana, lori zima hulala mpakani, na nyanya za mwingine hazisubiri. Kama wote sita wangeona tangu jioni kwamba karatasi ya mwenzao haijaingia, wangemtafuta kabla gari halijawashwa.

Kampuni kubwa za usafirishaji na uwakala tayari zina skrini zinazoonyesha mizigo yao imefika wapi. Mamlaka za mapato zina zaidi ya hapo. Mwenye mzigo anastahili kupata mambo matatu kwa ujumbe wa kawaida wa simu, kwa Kiswahili, bila kumlipa mtu: kwamba ushuru umepokelewa, kwamba lori limetoka, na ni hati ipi inayokosekana. Mawaziri wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapokutana, waanze na hilo la tatu.