Mkunga wa Garissa Hupotelea Darasani

Sensa ya 2019 iliiweka Garissa juu kabisa nchini Kenya kwa vifo vya uzazi: akina mama 641 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wastani wa taifa ulikuwa 355, Nyeri 67. Takwimu hizi zikitajwa, wakubwa huahidi zahanati na ambulensi. Sawa, zije. Lakini humo zahanatini saa nane za usiku atakuwemo nani?

Nimewahi kuona leba moja nje ya mji. Nesi anasema Kiswahili, mama analia kwa Kisomali, na mkalimani ni mfagiaji, ndoo ingali mkononi. "Mwambie asisukume kwanza." Mfagiaji akaongea maneno mengi kuliko hayo, mama akatulia. Na si lugha tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake walio wengi wa Kaskazini Mashariki wamekeketwa, baadhi yao wakashonwa. Kulifungua kovu hilo uchungu ukiwa umepamba moto kunataka mkono uliofunzwa, tena wa mtu ambaye mama hamwonei haya.

Basi wasichana wa huko wasomee ukunga. KMTC, taasisi ya serikali ya mafunzo ya tiba, ina chuo papo hapo Garissa. Ila stashahada ya uuguzi, ambayo ukunga umo ndani yake, hudai C ya jumla katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na C ya Baiolojia. Sasa kumbuka Januari 2020: walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliohama, roho hainunuliwi kwa mshahara. Lakini Baiolojia ilibaki na nani?

Wapo wanaotaka alama ishushwe. Mimi naona huko ni kumtwisha mjamzito deni la shule. Afadhali kaunti ilipie mwaka mmoja wa kuwanoa wasichana hao katika sayansi, kisha wakalie mtihani ule ule wa wenzao.

Na wakifuzu, wapande hadi wapi? Edna Adan Ismail, mkunga Msomali, alifungua hospitali Hargeisa mwaka 2002, akafundisha wakunga humo, akawa pia waziri wa mambo ya nje wa Somaliland. Kwetu afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Bajeti ya leba inapokatwa, mkunga awe na kiti mezani, na sauti ya kukataa.