Superglu si gundi ya kioo cha gari

Kioo cha ndani cha gari kikidondoka, yanayofuata katika miji yetu yanajulikana. Dereva hukiokota juu ya dashibodi, husimama kwenye duka la kwanza, hununua kichupa cha superglu kwa bei ya soda, hukibandika palepale juani na kuondoka. Baada ya muda mfupi kioo kiko chini tena. Kikianguka mara ya tatu hakirudishwi. Hutupwa chini ya kiti, na gari huendelea kutembea kwa saiti mira peke yake. Ukiuliza, utaambiwa gari limezeeka au barabara ni mbovu. Sikubaliani. Gari kuukuu na barabara ya mashimo vinachangia, lakini kinachoangusha vioo hivi ni gundi isiyo yake iliyopakwa kwa haraka, na dawa yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna dereva mwenye sababu ya kuendesha bila kioo hicho.

Kwanza tuelewane kinachobandikwa. Yako magari ambayo kioo cha ndani kimefungwa darini kwa skrubu, na hayo hayatuhusu. Katika mengine, kinachogusa kioo cha mbele ni kibati kidogo cha chuma kinachokaribia upana wa ukucha wa dole gumba. Shingo ya kioo cha ndani huteleza juu ya kibati hicho na kukazwa kwa skrubu ndogo au kwa klipu. Kwa hiyo uzito wote, mtetemo wa injini na kila tuta la barabarani hubebwa na utando wa gundi mwembamba kama karatasi. Utando huo hukaa juu kabisa ya kioo cha mbele, mahali penye joto kali. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hupita nyuzi 50 ndani yake bila shida, na kioo cha mbele chenyewe huweza kupata moto zaidi ya hewa iliyomo. Kisha mwenye gari anaingia, anawasha kiyoyozi, na kile kilichokuwa kimetanuka kinaanza kusinyaa ghafla. Chuma na kioo havitanuki sawa: kibati kikiwa cha alumini, hutanuka zaidi ya mara mbili ya kioo. Gundi iliyo katikati inavutwa huku na huku kila siku ya Mungu.

Superglu haikutengenezwa kwa maisha hayo. Ni gundi nzuri kwa kazi yake: hushika kwa sekunde chache, na ukijaribu kuvuta moja kwa moja haitoki. Lakini ikikauka huwa ngumu na kavu, haina unyumbufu wa kufuata chuma kinapotanuka, hukatika kwa mtikisiko, hulegea kwenye joto kali, na juu ya kioo hudhoofishwa pole pole na unyevu. Joto, mtikisiko na unyevu, hasa kwa wakazi wa pwani, ndiyo hali ya kawaida ya gari. Kuna watakaosema vyao vimeshika mwaka mzima kwa superglu hiyohiyo, na siwabishii. Gari linalolala kivulini, linalopita lami tupu na lenye kioo chepesi linaweza kuidanganya gundi yoyote kwa muda. Hiyo ni bahati ya mazingira, na wengi wetu hatuna mazingira hayo.

Wengine hukimbilia upande wa pili: kama superglu ni dhaifu, basi itafutwe gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, ipakwe nene ili kioo kisitoke milele. Hili ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Gundi ngumu iliyopakwa kwa wingi huvuta uso wa kioo kila joto linapobadilika, na inaweza kumega kipande au kuanzisha ufa. Hapo umeacha tatizo la kibati, umenunua tatizo la kioo kizima cha mbele. Tena kioo cha ndani hakitakiwi kushika milele. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani namba 111 inataka kioo kilicho mahali ambapo kichwa kinaweza kugonga kiwe na kishikio kinachokunjika, kinachosogea au kinachoachia kikisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 400, sawa na uzito wa kilo 40 hivi, bila kubakiza ncha kali. Sababu ni ya wazi: katika ajali, afadhali kioo kiachie kuliko kipasue paji la uso. Kinachotafutwa, basi, ni gundi inayovumilia joto na mtikisiko, ikabaki na unyumbufu kidogo.

Gundi hiyo ipo. Ni ya akriliki, huuzwa mahsusi kwa kioo cha ndani cha gari, kwa kawaida ikiwa na tone la gundi upande mmoja na kichocheo chake upande wa pili. Kazi yenyewe haihitaji gereji. Weka alama kwa nje ya kioo cha mbele, kwa utepe au kalamu ya nta, kuonyesha kibati kilipokuwa, maana ukishasafisha ndani hutapaona tena. Kwangua gundi ya zamani kwa wembe mpya ukiulaza karibu sawa na kioo, mpaka kidole kisisikie kitu. Kibati nacho kisuguliwe kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Futa vyote viwili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha usiguse tena, kwa sababu mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kila kitu. Paka kichocheo, acha kikauke, weka tone dogo la gundi katikati ya kibati, hakikisha hujakigeuza juu chini, kandamiza dakika moja bila kukisogeza. Halafu ngoja. Maelezo ya baadhi ya gundi hizi husema dakika 15 au nusu saa. Mimi ningesema fanya kazi hiyo jioni, gari likiwa kivulini na kioo kimepoa, urudishe kioo cha ndani asubuhi. Wengi hukosea hapohapo kwenye kungoja: gundi sahihi, usafi sahihi, kisha kioo kinaning'inizwa baada ya dakika tano kwa sababu mtu ana safari. Na kikisharudi, kiachwe chepesi. Tasbihi, rozari, manukato, bendera ya Simba au ya Yanga, na kile kioo kirefu cha kubana juu ya kioo cha asili, vyote vinaongeza uzito na mtikisiko ambao kibati hakikukusudiwa kuubeba.

Pingamizi nzito kuliko zote haihusu gundi. Kuna wanaouliza kama kioo hicho kinahitajika kweli, ikiwa malori na magari ya mizigo yaliyofungwa nyuma hutembea bila kukitegemea. Malori yana saiti mira kubwa, ndefu, zilizopangwa kwa ajili hiyo, na dereva wake amezoea kuzisoma. Gari dogo halikupangwa hivyo. Saiti mira zake nyingi zimebinuka ili zionyeshe eneo pana, na malipo ya upana huo ni kwamba kila kitu huonekana kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Ndiyo maana magari ya soko la Marekani huandikwa onyo kwenye kioo cha upande wa abiria. Kioo cha ndani ni bapa. Humwonyesha dereva umbali wa kweli wa basi linalomjia kwa nyuma, na hapo ndipo anapoamua kama afunge breki kwa nguvu au ateremke nje ya barabara. Katika miji iliyojaa bodaboda zinazotokea kulia na kushoto, dereva anahitaji vioo vyote vitatu, na hata hivyo ageuze shingo.

Usiku kioo hicho kina kazi ambayo saiti mira ya kawaida haina. Kile kiulimi cha chini yake, ambacho abiria hudhani ni cha kushikia tu, hugeuza kioo kilichokatwa kwa mshazari. Ukikivuta, taa kali za gari la nyuma haziji tena kutoka kwenye rangi ya fedha iliyo mgongoni mwa kioo, bali kutoka kwenye uso wa mbele unaorudisha asilimia 4 hivi tu ya mwanga. Unaendelea kumwona aliye nyuma bila kupofuka. Anayesafiri Morogoro hadi Dodoma usiku huku lori limemwashia taa kamili mgongoni, na kioo chake kiko chini ya kiti, amejinyima msaada ambao gari lilikuja nao.

Kuhusu kile kinachobaki mahali pake lakini kinatikisika, historia ina jambo la kuchekesha. Mwaka 1911, Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis akiwa peke yake garini, wakati wapinzani wake walibeba fundi wa kuangalia nyuma. Alikuwa amefunga kioo mbele yake. Baadaye alisimulia kwamba barabara ile ya matofali ilikitikisa kioo kiasi kwamba hakuona kitu. Alishinda bila msaada wake, jambo ambalo dereva wa Mandela Road saa kumi na moja jioni hawezi kulitegemea.

Wakaguzi wa magari, kabla ya kubandika stika ya Nenda kwa Usalama, wasitosheke kuona kwamba kioo kipo. Wakishike na kukitikisa. Na wenye maduka ya spea wa Kariakoo na Kirinyaga Road, ambao superglu iko mezani pao muda wote, waweke gundi ya akriliki kando yake, na mteja akija na kioo mkononi wampe hiyo.