Risasi za Taveta na sheria zinazoishia mwaka 1895

Mkulima wa Taveta akilima baada ya mvua, jembe lake hugonga vitu vitatu: jiwe, mzizi na ganda la risasi. Hilo la tatu halimshangazi. Babu yake aliyaokota, baba yake aliyaokota, na yeye huyatupa pembeni mwa shamba pamoja na mawe.

Lakini jembe limepata mshindani. Kifaa cha kutambua vyuma ardhini, ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekizoea kwa jina la ditekta, hakisubiri mvua wala msimu wa kulima. Anayekibeba hupita juu ya shamba, akasikia mlio, akachimba shimo la kina cha kiganja na kuondoka na alichokipata. Katika mashamba yaliyopigana vita, mtu mmoja mwenye subira anaweza kusafisha kwa wiki chache kilichokaa ardhini zaidi ya miaka 100.

Na mashamba haya yalipigana kweli. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, vita ikiwa bado changa. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walipanda kuelekea kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma na askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, na ilibidi Wabaluchi wa jeshi la India wawazuie waliokuwa wakiwafukuza. Mwezi uliofuata yakaja mapigano ya vilima vya Latema na Reata, karibu kabisa na mpaka, kisha majeshi yakavuka kuelekea Moshi. Kutoka hapo vita ilishuka kusini hadi Mahiwa, ikaingia Msumbiji na kumalizikia Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Ramani ya vita hiyo haitambui mipaka ya leo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndiyo sababu suala la vyuma vyake haliwezi kuachiwa nchi moja.

Kuna wanaoona ni kelele za bure. Ganda la risasi lina thamani gani? Kwa mnunuzi wa chuma chakavu ni gramu chache za shaba. Kwa mkusanyaji wa ng'ambo ni pambo la kabatini. Lakini kwa anayeijua vita hiyo, ganda ni ushahidi, mradi lipatikane mahali lilipodondokea. Vita ilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za zamani za milimita 11 zilizotumia baruti ya moshi, moshi ambao ulimwonyesha adui mahali askari alipojificha. Bunduki za kisasa zaidi ziliongezeka baada ya meli ya Rubens kupenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, mwaka 1915. Waingereza walitumia risasi za inchi 0.303. Kwa hiyo mstari wa maganda ya milimita 11 nyuma ya mwamba fulani unaeleza nani alilala pale, alielekea wapi na pengine ni mwaka gani. Maganda hayohayo yakikusanywa kwenye ndoo moja, hayaelezi chochote.

Hasara kubwa zaidi inawahusu watu ambao hawakupewa hata risasi. Wapagazi waliobeba vita hiyo kichwani wameacha majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, na wachache sana wameacha kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa, katika kambi na kando ya njia. Alama walizoacha ni hafifu: kifungo, kipande cha sufuria, bati la chakula. Kwa mwenye ditekta hizo ni takataka; huzitupa aendelee kutafuta bakora ya afisa au mkanda wenye tai. Akikuta mifupa chini ya kifungo, hana wa kumwambia, na huenda hana hamu ya kusema.

Upande wa Tanzania kuna kishawishi kingine, kile kinachoitwa mali ya Mjerumani. Imani kwamba Wajerumani walipokimbia walizika dhahabu imebomoa makaburi, misingi ya maboma na alama za mipaka ya ardhi. Imani hiyo haikutoka hewani kabisa: mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, takribani 16,000. Lakini sarafu zilitengenezwa ili zitumike, na anayechimba shimo la mita tatu chini ya mwembe wa misheni kwa kawaida huambulia shimo la mita tatu.

Sheria inasemaje? Hapa ndipo panapouma. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 inatafsiri kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inarudi nyuma zaidi, hadi kabla ya 1863. Vita ya 1914 imeanguka nje ya zote mbili. Waziri anaweza kutangaza mahali au kitu fulani kuwa kinalindwa, lakini hawezi kutangaza shamba moja moja kutoka Voi hadi Lindi. Afisa wa forodha katika kituo cha pamoja cha Holili na Taveta akikuta boksi la kofia na komeo za bunduki za mwaka 1916, ana haki ya kuuliza anazuia kwa kifungu kipi.

Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 119, tayari unazitaka nchi wanachama zishirikiane kuhifadhi urithi wa utamaduni, vikiwemo vitu vya kihistoria na vya kale. Bunge la Afrika Mashariki lina pa kuanzia. Tarehe zisogezwe hadi angalau mwisho wa mwaka 1918 katika nchi zote, na kutumia ditekta kutafuta masalia kuhitaji kibali, hata shambani kwa mtu aliyekubali.

Wapenzi wa vifaa hivi watalalamika, na wana hoja. Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu uwanja wa Salaita kimetokana na watu wa kujitolea waliotembea kwa miguu wakati ofisi za serikali zikiwa na shughuli nyingine. Kuwafanya wahalifu ni kupoteza macho yaliyozoea. Uingereza ilichagua njia ya katikati mwaka 1997: mpango wa hiari ambamo aliyeokota huandikisha alichopata na mahali alipokipata, na mara nyingi huruhusiwa kubaki nacho. Umeshaandikisha vitu zaidi ya milioni moja.

Mkulima ndiye mgumu zaidi kumshawishi, na si kwa ukaidi. Taita Taveta ina migogoro ya ardhi ya miaka mingi, na asiye na hati ana sababu ya kuogopa kwamba akiripoti bomu la mkono, kesho shamba litawekewa uzio na kuitwa hifadhi. Akinyamaza, bomu linabaki penye watoto, au linaishia kwenye mzani wa chuma chakavu likiwa bado na baruti. Kanuni yoyote itakayoandikwa Arusha inapaswa kuanza na mambo mawili anayoweza kuyaelewa bila wakili: kuripoti hakutamwondoa kwenye ardhi, na kitu kikienda makumbusho, jina lake litaandikwa kwenye daftari na stakabadhi yenye fidia itabaki mkononi mwake.