Mzigo Unavuka, Mtoto Anabaki

Wafanyabiashara wengi wa Kikuubo wanaijua Mombasa kwa ofisi za mawakala wa forodha, kontena zinazochelewa na chumba cha kulala usiku mmoja. Watoto wao hapa Kampala hawajaiona bahari. Wengi hudhani safari ya mbuga na pwani ni ya wazungu, ilhali njia yake ni ileile ya mzigo.

Basi la usiku linavuka Malaba au Busia na asubuhi liko Nairobi. Afadhali familia ilale hapo usiku mmoja. Watoto si magunia. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inapita katikati ya mbuga za Tsavo, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuona tembo kabla mzazi hajalipa kiingilio. Anayetaka kuingia mbugani hushuka Voi, karibu na lango la Tsavo Mashariki. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko wageni wa mbali. Mombasa kuna Fort Jesus, na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hauhitaji hoteli ya kifahari.

Wakati mzuri ni likizo ya pili ya shule za Uganda, ambayo kwa kawaida huanza mwishoni mwa Agosti. Tsavo ni kavu, wanyama hufuata maji, na shule za Kenya zimeshafunguliwa. Likizo ya Mei huangukia masika ya pwani.

Kikwazo kiko mpakani. Tangu 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka huohuo nchi hizo zilianzisha viza moja ya utalii kwa wageni, dola 100 kwa siku 90. Lakini kadi ya Uganda hutolewa kuanzia miaka 16, na ya Kenya miaka 18. Mama anayevuka Busia kila wiki kwa kadi yake, akija na mtoto wa miaka saba, hutakiwa pasipoti ya mtoto au hati ya muda, na mara nyingine barua ya ridhaa ya baba. Bidhaa zake zisizozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha asili. Mtoto wake hana wepesi huo.

Ukaguzi wa watoto usilegezwe, kwa kuwa wanaowasafirisha kwa hila wapo. Hata hivyo, Uganda humpa mtoto namba ya utambulisho kabla ya kadi, na maafisa wa nchi zote mbili tayari hukaa jengo moja Malaba na Busia. Mawaziri wa Jumuiya wakubaliane namba hiyo isomwe pamoja na ya mzazi, na ikubalike.

Hadi hapo, mwenye safari ya Agosti aanze pasipoti ya mtoto sasa. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo Kenya huidai kwa wanaotoka Uganda waliozidi umri wa mwaka mmoja, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka.