Uvujaji wa Oili: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Spana Kushikwa

Miongoni mwa maradhi ya magari makuukuu, ni machache yaliyozoeleka kama kuvuja kwa oili ya injini. Doa jeusi mahali gari linapolala limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wenye magari wamelitungia utani: Land Rover isiyovuja, husema, ni ile iliyokwisha oili. Utani huo unachekesha, lakini ndani yake mna kosa la fikra lenye gharama. Humfundisha mwenye gari kwamba kuvuja ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Kwa upande mwingine wapo mafundi wasiokubali kushindwa, ila hukimbilia kubadilisha sili iliyo karibu na doa bila kuuliza oili imetokea wapi. Aliyekata tamaa na mwenye pupa wameruka hatua ile ile moja, nayo ni uchunguzi. Hoja ya makala haya ni kwamba uchunguzi ndio sehemu kubwa ya kazi yenyewe, na kwa hiyo unastahili kufundishwa, kutengewa muda na kulipwa.

Tone halisemi lilikotoka

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mahali oili inapodondokea si lazima pawe ndipo inapovujia. Oili ikishatoka nje ya injini hutawaliwa na mambo mawili. La kwanza ni uzito wake, ambao huivuta chini ikifuata mbavu za chuma, mabomba na vichwa vya bolti. La pili ni upepo wa feni na wa mwendo wa gari, ambao huisukuma nyuma. Ndiyo maana sili ya mbele ya krenki ikivuja, sehemu ya chini ya injini yote huweza kulowa mpaka kwenye sanduku la gia.

Chukua mfano wa Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ambayo hata leo hukutwa ikifanya kazi katika nchi za Afrika Mashariki. Chini ya nyumba ya flaiwili, pale injini inapoungana na sanduku la gia, pana tundu dogo. Waliolibuni gari hili waliliweka makusudi, ili oili ikipenya humo itoke nje badala ya kuloanisha klachi. Lipo pia skrubu la kulizibia tundu hilo gari linapovuka mto, na sharti liondolewe baada ya kuvuka. Mwenye gari akiona oili inadondoka hapo, huambiwa mara moja kwamba sili ya nyuma ya krenki imekufa.

Huenda ni kweli. Lakini washukiwa ni zaidi ya mmoja. Oili inayotoka katika tundu lile yaweza kuwa ya sanduku la gia, iliyopita kwenye sili ya mbele ya sanduku hilo. Tena yaweza kuwa imetoka juu kabisa, kwenye gasketi ya mfuniko wa valvu, ikateremka mgongoni mwa injini na kudondoka karibu kabisa na tundu hata ikadhaniwa imetoka ndani yake. Swichi ya presha ya oili ikichakaa nayo huweza kufanya hivyo hivyo.

Tofauti ya washukiwa hawa si ndogo. Kuifikia sili ya nyuma ya krenki katika Land Rover hiyo ni kung'oa bati za sakafu na sanduku la viti, kuteremsha sanduku la gia, kisha kufungua klachi na flaiwili. Kubadilisha gasketi ya mfuniko wa valvu ni kufungua nati tatu. Atakayekosea katika kuchagua kati ya kazi hizi mbili atapoteza siku kadhaa na fedha nyingi, na gari litarudi barabarani likivuja kama awali.

Namna ya kuihoji injini

Uchunguzi mzuri hauhitaji mitambo ya gharama. Unahitaji mafuta ya taa, brashi, kitambaa, kipande cha boksi, kijiti cha kupimia oili, na subira.

Swali la kwanza ni: kinachovuja ni nini? Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi kwa masizi. Oili ya gia ni nzito zaidi, na harufu yake ya salfa haifichiki kwa anayeijua. Kipande cha boksi safi kikilazwa chini ya gari usiku kucha huhifadhi tone kwa ajili ya uchunguzi wa asubuhi, na huonyesha pia mahali lilipoangukia.

Swali la pili ni: ni kiasi gani? Hapa macho hudanganya, kwa kuwa tone moja la oili hutanda na kufanya doa kubwa. Kipimo cha kweli ni kijiti, kikisomwa asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, na tarakimu zikaandikwa daftarini pamoja na kilomita zilizosafiriwa. Hesabu ndogo hubainisha uzito wa jambo. Injini ikidondosha matone 6 kwa dakika inapokuwa ikiunguruma, na ikikadiriwa kwamba matone 25 hufanya mililita moja, saa moja itapoteza mililita 14 hivi. Gari linalofanya kazi saa 4 kwa siku litapoteza karibu lita 1 na robo tatu kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba hukimaliza. Kijiti kikionyesha upungufu mkubwa kuliko huo wakati boksi linaonyesha matone machache, na moshi wa bomba ni wa samawati, basi oili nyingine inaungua ndani ya injini, na hakuna sili ya nje itakayoiponya.

Swali la tatu ndilo la msingi: inatokea wapi? Injini iliyofunikwa na utandu wa oili na vumbi la miaka haiwezi kujibu. Lazima ioshwe ikiwa imepoa, kwa mafuta ya taa na brashi, kamwe si kwa petroli, ambayo mvuke wake hushika moto upesi. Sehemu za umeme zifunikwe. Ikishafutwa na kukauka kabisa, maungio yanayoshukiwa yapakwe poda ya mwili au unga wa chaki. Kisha injini iwashwe mpaka ipate moto, kwa kuwa oili ya moto ni nyepesi na hupenya mahali ambapo oili baridi haipiti. Mchunguzi aangalie kutoka juu kwenda chini na kutoka mbele kwenda nyuma, nguo zake zikiwa mbali na feni na mikanda. Baadaye injini izimwe na gari likaguliwe kwa chini likiwa limesimama juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa ambapo unga umelowa, hapo ndipo pa kuanzia. Kama hapana kitu, gari liendeshwe kilomita chache na kukaguliwa tena. Zipo pia rangi za kuchanganya na oili, ambazo hung'aa zikimulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno. Nazo hufuata kanuni ile ile, kuufanya mwendo wa oili uonekane.

Pumzi ya injini

Jambo moja husahauliwa mara nyingi, hata na mafundi wazoefu. Kila injini huvuta pumzi. Mchanganyiko wa mafuta na hewa unapolipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia katika chumba cha krenki. Ringi zikichakaa, gesi hiyo huongezeka. Isipopata njia ya kutokea, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje kupitia kila ungio dhaifu.

Injini za zamani zilitoa gesi hizo nje kwa kipumulio chenye wavu wa nyuzi za chuma, au kwa bomba lililoelekezwa chini. Mapema katika miaka ya 1960 jimbo la California nchini Marekani, likipambana na uchafuzi wa hewa, lilianza kutaka gesi hizo zirudishwe ndani ya injini zikaungue, na mtindo huo ukaenea duniani. Lakini wavu huziba kwa vumbi na oili, na valvu ya kurudishia gesi huziba kwa masizi. Sili mpya iliyofungwa kwenye injini yenye kipumulio kilichoziba itavuja kama ile ya zamani, na lawama zitamwangukia muuza vipuri.

Kwa hiyo injini inayovuja mahali pengi kwa wakati mmoja ishukiwe shinikizo kabla ya kushukiwa sili. Kuosha kipumulio kwa mafuta ya taa hakugharimu kitu. Kama baada ya kuoshwa bado gesi nyingi inafuka kwenye kinywa cha kujazia oili injini ikiunguruma, ugonjwa uko katika ringi, na mwenye gari ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajanunua sili hata moja.

Dawa isiwe sumu

Chanzo kikipatikana, ukarabati wenyewe una adabu yake. Gasketi ya koki husinyaa kwa miaka, na wengi hujaribu kuiponya kwa kukaza bolti kwa nguvu. Matokeo yake ni kinyume: bati la mfuniko hupinda kwenye matundu ya bolti, na mwanya hufunguka katikati ya bolti mbili. Ukingo uliopinda unyooshwe kwanza, nyuso zote mbili zisafishwe, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu mpaka kipimo kilichowekwa na watengenezaji. Gundi ya silikoni ikizidishwa hujibana kwa ndani, ikakatika vipande na kwenda kuziba chujio la kufyonzea oili katika sampu. Hapo uvujaji wa matone umegeuzwa kuwa kifo cha injini. Sili nayo ikibadilishwa, shafti ipapaswe kwa ukucha. Kama mdomo wa sili ya zamani umechimba mfereji, sili mpya iliyokalia mfereji huo haitadumu. Kilichotengenezwa kiwe kimoja kwa wakati mmoja, kisha injini ioshwe na kujaribiwa upya. Vinginevyo hakuna atakayejua ni kipi kilichoponya.

Malipo ya akili

Mtu aliyesoma sayansi ataona kwamba hatua hizi ni zile zile za maabara: kupima, kukisia, kujaribu, na kukubali kusahihishwa na ushahidi. Fundi aliyeketi chini ya mwembe akiutazama unga wa chaki anafanya sayansi kamili. Tatizo ni kwamba halipwi kwa ajili yake.

Katika gereji nyingi mteja hulipia kipuri na nguvu ya mikono. Fundi atakayetumia saa mbili kuosha na kutazama, kisha akagundua kwamba kipumulio kimeziba, atapata ujira mdogo kuliko yule aliyeteremsha sanduku la gia bure kwa siku mbili. Utaratibu wa namna hii humwadhibu anayefikiri. Tena gharama yake haiishii kwa mwenye gari, kwa kuwa sili na gasketi nyingi hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na oili inayodondoka huchukuliwa na mvua hadi mitaroni na mitoni.

Wapo watakaopinga kwamba malipo ya uchunguzi yatafungua mlango wa udanganyifu, kwani mteja atajuaje kama fundi ametazama kweli? Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu. Uchunguzi mwema huacha ushahidi: unga uliolowa, kipande cha boksi, tarakimu za kijiti. Mteja aonyeshwe hayo kabla ya kazi kuanza, na ada ya uchunguzi ipatanwe mapema, iwe ndogo na iwe wazi. Mgonjwa hulipa ili apimwe kabla ya kupewa dawa, wala haoni ameibiwa.

Vyuo vya ufundi stadi navyo vina wajibu. Mwanafunzi akipimwa kwa wepesi wa kufungua na kufunga tu, atahitimu akiwa hodari wa kufungua na kufunga. Apewe injini inayovuja, brashi na daftari, na alama zake zitokane na ushahidi atakaouleta. Walimu wa fizikia katika shule za sekondari wanaweza kutumia zoezi hilo hilo kufundisha shinikizo na unato wa vimiminika bila kununua kifaa kipya.

Si kila unyevunyevu unastahili kutengenezwa. Injini ya miaka 40 yenye jasho la oili kwenye maungio, ambayo kijiti chake hakishuki kati ya huduma moja na nyingine, yaweza kuachwa ifanye kazi yake. Lakini uamuzi wa kuiacha nao utokane na kipimo, wala si na utani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ila anayetaka kuziba ufa lazima kwanza ajue uko wapi.