Wao Makabaila, Sisi Makabila?

Katika Kiswahili yapo maneno mawili ambayo kwa sura ni kama pacha, lakini kwa hadhi yametengana kama mbingu na ardhi. La kwanza ni kabila. La pili ni kabaila. Yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu, na kwa asili ni neno moja: la kwanza limetokana na umoja, la pili na wingi wake. Maana yake ya awali ilikuwa watu waliofungamana kwa nasaba. Lakini tazama yalivyotawanyika mara yalipotia nanga kwetu. Kabaila amekuwa mwinyi, mtu wa jadi tukufu, mwenye ardhi na watumishi. Kabila nalo, likitajwa redioni siku hizi, msikilizaji hutega sikio akingoja kuambiwa ni wangapi waliouawa.

Msomaji aweza kuuliza: nasaba ya watu ikitajwa, ni nani hasa anayeamua kama itaitwa ukabaila au ukabila? Swali hili si la darasa la isimu pekee. Huko Kilelengwani, kijiji cha Waorma katika delta ya Mto Tana, pande za Kipini, swali hili lina makaburi.

Mnamo tarehe 10 Septemba 2012 kijiji hicho kilivamiwa alfajiri. Watu wapatao 38 waliuawa, wakiwamo maafisa 9 wa polisi, na nyumba zikateketezwa. Wiki chache kabla ya hapo, mnamo Agosti, watu zaidi ya 50 walikuwa wameuawa kijijini Riketa. Damu ilimwagika pande zote mbili, ya Waorma na ya Wapokomo. Sababu zilizozungumzwa zilikuwa nyingi: malisho, maji, mashamba ya kandokando ya mto, malka ambazo mifugo hupitia kwenda kunywa, pamoja na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2013. Lakini vichwa vya habari vilitosheka na maneno mawili: mapigano ya kikabila. Kana kwamba mtu akishatajiwa kabila, hahitaji tena kuelezwa sababu.

Sasa turudi nyuma hadi Oktoba 1890, katika eneo hilohilo. Manowari za Kiingereza zilitia nanga Kipini, mabaharia wakashuka na mizinga, wakaandamana hadi Witu, makao ya masultani wa Kinabahani. Tarehe 27 mji ulikuwa umetekwa, kisha ukatiwa moto. Kisa chake kilikuwa kuuawa kwa Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake kadhaa mnamo Septemba, wakati wa Sultani Fumo Bakari. Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani tangu 1885, lakini kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Wajerumani walikuwa wamewaachia Waingereza mji huo pamoja na madai mengine, wao wakapewa kisiwa cha Heligoland. Kwa hiyo jukumu la kulipiza kisasi likawaangukia Waingereza. Hakuna kitabu kilichoyaita mauaji hayo mapigano ya kikabila. Wenyewe waliyaita msafara wa kuadhibu, na walioshiriki wakatunukiwa nishani yenye jina la Witu na mwaka 1890.

Aliyeuongoza msafara huo ni Admeri Edmund Fremantle, kamanda wa manowari za Kiingereza katika Bahari ya Hindi. Ningependa walimu na wanafunzi wamjue mtu huyu kwa ukoo wake, kwa sababu ukoo wake unaeleza mengi.

Edmund alizaliwa 1836, mwana wa nne wa Thomas Fremantle, mwanasiasa aliyepewa cheo cha Lodi Cottesloe mwaka 1874. Babu yake, aliyeitwa pia Thomas, aliiongoza manowari Neptune katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, na alikuwa rafiki wa Admeri Nelson. Ami yake, Charles Howe Fremantle, ndiye aliyesimika bendera ya Uingereza katika pwani ya magharibi ya Australia mwaka 1829, na mpaka leo mji wa bandari wa huko unaitwa Fremantle. Edmund mwenyewe alipigana dhidi ya Waashanti huko Afrika Magharibi mnamo 1873 na 1874, na miaka michache kabla ya Witu kuchomwa alikuwa ameongoza upande wa Waingereza katika kuizingira pwani yetu kwa manowari, wakati Wajerumani walipopambana na Abushiri. Mwanawe, Sydney, naye alikuwa admeri. Ndiye aliyekuwa na dhamana ya kuzilinda manowari za Wajerumani zilizotekwa huko Scapa Flow, na mnamo Juni 21, 1919 wenyewe wakazizamisha yeye akiwa na meli zake mazoezini. Baba aliuchoma mji wa Waswahili kwa sababu ya Wajerumani waliouawa. Mwana akawa mlinzi wa mateka wa Kijerumani. Nasaba ni ileile, lakini adui wa jana amekuwa rafiki na rafiki amekuwa adui, kama dola ilivyotaka.

Tuwatazame sasa ndugu zake Edmund. Kifungua mimba, Thomas, aliurithi ulodi baba yao alipofariki mwaka huohuo wa 1890. Wa pili, William, aliingia kanisani akawa mkuu wa kanisa kuu la Ripon. Wa tatu, Charles, alikuwa naibu mkuu wa kiwanda cha kifalme cha kupigia sarafu. Wa nne ndiye huyu wetu wa baharini. Tumbo moja, na humo mna cheo cha ulodi, madhabahu, sarafu na mizinga.

Hili halikutukia kwa bahati. Sheria ya makabaila wa Kiingereza ilikuwa kwamba cheo, na kwa kawaida ardhi pia, humwendea mwana wa kiume wa kwanza. Nduguze hutafutiwa riziki kwingine: jeshini, kanisani, serikalini au ng'ambo. Atakayejiuliza kwa nini makoloni yalijaa wana wa pili, wa tatu na wa nne wa nyumba kubwa, jibu lake limo humu. Hata Lodi Delamere, ambaye alikuwa kifungua mimba na akarithi cheo mwaka 1887, alipolowea Kenya aliandamwa na mashemeji zake Galbraith na Berkeley Cole, wana wadogo wa nyumba ya Enniskillen. Ukoo ule haukugawanya shamba la nyumbani. Ulitafuta mashamba ya wengine.

Linganisha na mpango wa nasaba zetu. Kiswahili humwita ndugu mkubwa wa baba, baba mkubwa, na mdogo wake, baba mdogo. Wote ni baba, wote wana haki na wote wana wajibu. Kaka wa mama ni mjomba, naye ana nafasi yake ambayo hakuna ami anayeweza kuishika. Tunahesabu vizazi kwa majina: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Tawi la ukoo tunaliita mlango, kwa sababu huingiwa na kutokewa. Miongoni mwa Waislamu wa delta, mirathi hugawanywa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, kwa mafungu yanayojulikana. Mfumo wa namna hii hauwezi kuuweka utajiri wote mkononi mwa mtu mmoja kwa karne tatu. Lakini pia haumfukuzi mdogo nyumbani ili akachome mji wa watu.

Isidhaniwe kwamba nawatakasa wetu. Wanabahani nao walikuwa makabaila kwelikweli. Walijinasibisha na Banu Nabhan waliotawala bara ya Omani, na kwa mujibu wa habari za Pate, mzee wao Suleiman alifika kisiwani, akamwoa binti wa mtawala, akapewa ufalme. Habari hizo zinautaja mwaka 1203, nao wanahistoria wameutilia shaka, wengine wakisema ukoo huo ulishika utawala karne nyingi baadaye. Ndugu waligombea kiti, binamu wakauana. Ahmad Simba, aliyeanzisha utawala wa Witu, alihamia bara kwa kushindwa katika ugomvi wa namna hiyo na kwa kuikataa mamlaka ya Zanzibar.

Hata hivyo, pale Witu lilitukia jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi vya kutosha. Mji ulijaa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Mtumwa ni mtu aliyenyang'anywa nasaba: hana baba wa kutajwa, hana mlango wa kuingilia. Witu iliwapokea, ikawapa ardhi ya kulima na silaha za kuilinda. Simba hakufanya hivyo kwa huruma tupu, kwani alihitaji watu. Lakini matokeo yake ni kwamba wengi waliojifunza kujiita watu wa Witu hawakuzaliwa humo. Uenyeji wao ulitokana na kukaa, kulima na kuoana. Huo nao ni ukoo, na ndio mji ambao Admeri Fremantle aliuchoma.

Ziko pia habari za wanawake, ambao orodha za nasaba huwapita kimya. Mengi tunayoyajua kuhusu nyumba ya Fremantle tunayajua kwa sababu bibi yake Edmund, Betsey Wynne, aliandika shajara tangu utoto wake, nazo zikachapishwa katika karne ya 20. Kwetu, Pate ilitawaliwa na malkia, Mwana Khadija, katika karne ya 18. Na kila mwalimu wa fasihi anamjua Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mnamo 1858. Ukoo usiohesabu mama zake unajua nusu tu ya habari zake.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema: Bwana, haya ya nasaba ndiyo yaliyotuponza. Delta imezikwa ndani ya maneno mwenyeji na mgeni. Ukiwafundisha watoto kuhesabu mababu, utawapa mikuki ya kesho. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Ni kweli kwamba nasaba ikipelekwa kwenye jukwaa la siasa huwa silaha. Mtu huchagua babu mmoja kati ya wengi, akamsimika kama beikoni ya shamba, kisha akatangaza kwamba kila aliye ng'ambo ya babu huyo ni mvamizi.

Lakini dawa ya nasaba nusu si kuikata. Ni kuikamilisha. Atakayewafuata mababu zake kwa uaminifu, upande wa baba na upande wa mama, katika delta ile, hatafika mbali kabla ya kukutana na jirani. Wakulima na wafugaji wamekuwa wakibadilishana nafaka na maziwa, wakipeana hifadhi wakati wa ukame na mafuriko, na wakioana. Mpokomo, Muorma, Mwardei, Mbajuni, Msanye na mtoro wa Witu hawakuishi katika visanduku vya ramani. Mtoto akigundua kwamba nyanya wa nyanya yake alitoka upande wa pili wa mto, kazi ya mchochezi itakuwa ngumu kidogo. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ulichukua sauti yake kutoka wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Hatujasikia mtu akikataa kusimama kwa kuwa sauti hiyo ni ya kabila jingine.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa walimu, hasa wa Garsen, Kipini na vijiji vya delta. Kwanza, kila mwanafunzi wa sekondari apewe zoezi la kuandika nasaba yake kwa Kiswahili fasaha, vizazi vinne kwa pande zote mbili, kwa kuwahoji wazee. Azitumie istilahi za ukoo kwa usahihi, kwani nyingi zinafifia. Siku hizi ami, mjomba na mume wa shangazi wote wamekuwa anko. Pili, mazoezi hayo yasomwe darasani watoto wa jamii zote wakiwapo, na mwalimu aonyeshe yanapokutana. Tatu, somo la historia liuweke ukoo wa Fremantle kando ya ukoo wa Nabahani katika jedwali moja, na mwanafunzi aulizwe: nani alirithi nini, kwa sheria gani, na nani aliyelipa gharama?

Nasi wenye kuandika magazetini tuna sehemu yetu. Kama kuuchoma mji mwaka 1890 kulikuwa na sababu zilizostahili kuelezwa kwa kurasa nyingi, basi kuchomwa kwa Kilelengwani mwaka 2012 nako kunastahili zaidi ya neno moja. Tuandike malisho, tuandike hati za mashamba, tuandike majina ya waliochochea. Neno kabila libaki na maana yake ya asili, ya watu wanaojuana kwa nasaba, na lisigeuzwe shimo la kufukia maswali.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watoro wa Witu waliijua maana ya methali hiyo kuliko sisi, kwani walinyang'anywa asili yao kwa nguvu, wakajijengea nyingine kwa jembe. Vijana wa delta hawajanyang'anywa yao. Wazee wanaoikumbuka wangali hai, ila hawatangoja milele. Mwalimu, likizo ijayo, watume wanafunzi wako wakiwa na daftari na kalamu.